Mwanafunzi Mmoja, Madawati Mawili: Uhakiki wa Mpango wa Marekani wa Kusoma Sekondari na Chuo kwa Wakati Mmoja

Kila yanapozungumzwa matatizo ya elimu hatukosi kumsikia mmoja wetu akitaja Marekani. Huko, husema, kijana wa miaka kumi na sita hasubiri amalize sekondari ndipo aonje masomo ya chuo. Huanza chuo akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na wengine siku ya kuhitimu hutoka na vyeti viwili mkononi. Kwa nini nasi tusifanye hivyo? Swali hili ni la haki, na wanaoliuliza wana nia njema. Lakini swali la haki likijibiwa kwa pupa huzaa jibu bovu.

Makala haya yanakusudia kuuchambua mpango huo mahali pake ulipozaliwa na unapofanya kazi. Hatutausifu kwa kuwa ni wa Marekani, wala hatutaulaani kwa sababu hiyo hiyo. Kada anayelaani asichokichambua hana tofauti na kasuku anayesifu asichokijua. Tutauliza maswali ambayo ni lazima yaulizwe juu ya kila mpango wa elimu: Umetokana na nini? Gharama yake inabebwa na nani? Nani anapita mlangoni mwake na nani anabaki nje? Na huyo anayepita, anafika wapi?

MPANGO WENYEWE

Shule nchini Marekani ina madarasa 12. Sekondari ya juu ni darasa la 9 hadi la 12, yaani tangu umri wa miaka 14 hivi hadi 18. Masomo ya chuo huhesabiwa kwa krediti: somo la muhula mmoja kwa kawaida huwa na krediti 3, na shahada ya kwanza huhitaji krediti zipatazo 120. Katika mpango tunaouhakiki, mwanafunzi wa sekondari huandikishwa pia chuoni. Akifaulu somo, tuseme hesabu au uandishi wa Kiingereza, somo hilo mara nyingi humhesabia mara mbili: kwa cheti cha sekondari na kwa krediti za chuo.

Hapa ni lazima tuondoe picha isiyo sahihi. Wengi hudhani kwamba vijana hao hupanda basi kila asubuhi kwenda chuoni na kukaa pamoja na watu wazima. Wapo wanaofanya hivyo, lakini si wengi. Takwimu za serikali ya Marekani juu ya wanafunzi walioanza darasa la 9 mwaka 2009 zinaonyesha kwamba 34 hivi kati ya kila 100 walisoma somo la chuo wakiwa sekondari. Kati ya hao waliosoma, 80 kwa kila 100 walisomea katika shule yao wenyewe. Darasa ni lile lile la sekondari na kwa kawaida mwalimu ni yule yule. Kilichoongezeka ni muhtasari wa masomo uliokubaliwa na chuo, na jina la chuo katika hati ya matokeo.

Vile vile mpango huu usichanganywe na ule wa mitihani ya Advanced Placement, ulioanza miaka ya 1950. Katika mitihani hiyo kijana hupimwa hasa kwa mtihani mmoja karibu na mwisho wa mwaka, na kila chuo huamua kama kitaitambua alama yake. Katika mpango tunaouzungumzia, kazi ya muhula mzima ndiyo huhesabiwa, na alama huingia moja kwa moja katika hati ya chuo. Tofauti hii ina uzito wake, na tutairudia.

Wala huu si mpango mdogo tena. Katika mwaka wa masomo 2022/23 wanafunzi wa sekondari wapatao milioni 2.5 walisoma walau somo moja la chuo. Katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili vilivyo karibu na makazi ya wananchi, mwanafunzi mmoja kati ya kila watano hivi ni mwanafunzi wa sekondari.

ASILI TATU

Ili kuelewa jambo ni lazima tujue historia yake. Mpango huu hauna asili moja. Una asili tatu, na kila moja ilikuwa na shabaha yake.

Asili ya kwanza ni ya mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Chuo hicho kilianza kushirikiana na shule za sekondari za jimbo lake ili wanafunzi wenye uwezo wasome masomo ya chuo katika shule zao. Fikra iliyotawala ilikuwa kwamba kijana mwenye akili asipoteze muda kurudia anayoyajua. Hapa somo la chuo lilikuwa ni tuzo ya anayefaulu.

Asili ya pili ni ya mwaka 1974, katika jiji la New York. Chuo cha jamii cha LaGuardia, kilichoko mtaa wa Queens na kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha Jiji hilo, kilifungua shule ya sekondari ndani ya eneo lake. Waliochukuliwa hawakuwa wale walioongoza darasani. Walikuwa vijana ambao ilihofiwa wangeacha shule. Mantiki ilipinduliwa: mazingira ya chuo yalitumiwa kama tiba ya kijana aliyekata tamaa, badala ya kuwa zawadi ya aliyekwisha kufanikiwa.

Asili ya tatu ni ya mwaka 1985, katika jimbo la Minnesota, wakati wa uongozi wa Gavana Rudy Perpich. Jimbo hilo lilipitisha sheria iliyomruhusu mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 kwenda kusoma chuoni, na fedha za serikali zikamfuata huko aendako. Shule iliyompoteza mwanafunzi ilipoteza na fedha zake. Watetezi walisema kuwa ushindani ungezilazimisha shule kujirekebisha. Hapa somo la chuo lilikuwa ni bidhaa, na mwanafunzi mteja anayechagua duka.

Tuzo, tiba na soko: hizo ndizo shabaha tatu. Majina na sheria za mpango huu hutofautiana toka jimbo hadi jimbo, lakini karibu kila mahali asili hizo tatu zimechanganyika. Ugomvi mwingi tunaousikia juu yake hutokana na watu kutetea au kushambulia asili tofauti, huku wakidhani wanazungumzia kitu kimoja.

Tuirudie asili ya pili, kwa kuwa ina funzo kubwa. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilitokana na shule iliyoanzishwa mwaka 1847 ili kuwasomesha bure watoto wa wananchi wa kawaida. Mwaka 1970, baada ya mapambano makali ya wanafunzi, kilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari za jiji hilo, na watoto wa Wamarekani weusi na wa Wapuerto Rico wakaingia kwa wingi. Mwaka 1976, jiji lilipokuwa limebanwa na madeni, chuo hicho kikaanza kutoza ada ya masomo kwa wote. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Mwaka 1974 chuo kimoja cha jiji kilifungua mlango mdogo wa mbele kwa vijana waliosahauliwa. Miaka miwili baadaye mlango mkubwa ukawekewa malipo. Ukinzani huu ndio kiini cha uhakiki wetu: mpango wenye wema ndani yake, uliozaliwa katika mfumo unaouza kile ambacho mpango unakigawa.

USHAHIDI WA FAIDA

Uhakiki wa kweli hauanzi kwa kuficha mazuri ya kinachohakikiwa. Je, mpango huu unawasaidia vijana?

Hapa tujihadhari na kosa moja la hesabu ambalo hata wasomi hulifanya. Tukichukua wanafunzi waliosoma masomo ya chuo wakiwa sekondari, tukawalinganisha na wasiosoma, bila shaka tutakuta wa kwanza wamefika mbali zaidi. Lakini hilo pekee halithibitishi kitu. Pengine wangefika mbali hata bila mpango, maana ndio waliochaguliwa kwa kuwa walikuwa na alama nzuri na wazazi wenye elimu. Ni sawa na mtu anayechagua mbegu zilizo bora, akazipanda, kisha akasifu jembe.

Upo ushahidi ulio bora zaidi. Tangu mwaka 2002 zilianzishwa shule nyingi maalumu ambazo zinaunganisha sekondari na chuo tangu darasa la 9, zikiwalenga hasa vijana wa familia maskini na wale ambao wangekuwa wa kwanza katika familia zao kufika chuoni. Baadhi ya shule hizo zilipata waombaji wengi kuliko nafasi, zikagawa nafasi kwa kura. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka waliopata kwa kura na waliokosa kwa kura. Hapa hakuna aliyechaguliwa kwa alama wala kwa jina la baba. Matokeo yalionyesha kwamba waliopata nafasi walifika chuoni na kupata shahada kwa wingi zaidi kuliko wenzao, hasa shahada za miaka miwili.

Hili ni jambo zito, nasi hatulipuuzi. Linathibitisha kuwa ukuta kati ya sekondari na chuo haukujengwa na akili ya kijana. Mtoto wa mfanyakazi anaweza masomo ya chuo akiwa na miaka kumi na sita, mradi apewe mwalimu, ushauri, vitabu na muda. Lakini tuzingatie ni aina gani ya mpango iliyothibitishwa hivyo. Ni ile inayofuata asili ya pili, yenye washauri, masaa ya ziada na masomo yaliyopangwa toka mwanzo hadi mwisho. Aina hiyo inahitaji fedha na watu, na ndiyo iliyo chache. Iliyoenea zaidi ni aina rahisi: somo moja hapa, jingine pale. Kutumia sifa za ile ya kwanza kuipigia debe hii ya pili ni kuwadanganya wananchi.

DAI LA KWANZA: "NI ELIMU YA BURE"

Watetezi wa mpango hudai kwanza kwamba unawapa vijana elimu ya chuo bila malipo. Ukweli ni kwamba hali hutegemea jimbo. Pengine serikali ya jimbo hulipa; pengine wilaya ya shule hulipa kutoka katika fungu lake; pengine chuo husamehe ada au kuipunguza; na pengine mzazi ndiye hutoa fedha mfukoni. Hata pale ada inapofutwa, mara nyingi hubaki vitabu, usafiri na malipo madogo madogo. Kwa mwenye nacho hayo ni madogo. Kwa asiye nacho, nauli ya muhula mzima ni ukuta.

Lakini hata tukikubali kuwa ni bure, tuulize: bure hadi lini? Deni la mikopo ya elimu ya serikali kuu nchini Marekani limezidi dola trilioni 1.6, na wadaiwa ni watu zaidi ya milioni 40. Katika hali hiyo, si ajabu mzazi akimhimiza mwanawe akusanye krediti nyingi iwezekanavyo kabla ya kuhitimu sekondari. Mzazi huyo hana kosa. Anafanya hesabu sahihi ndani ya mfumo usio sahihi. Mwezi Mei somo la hesabu hutolewa kwa kijana kama haki yake ya shule. Mwezi Septemba somo lile lile, pengine kutoka chuo kile kile, huuzwa kwake kwa mkopo. Kijana hakubadilika, wala hesabu haikubadilika. Kilichobadilika ni upande wa mstari aliosimama.

Kwa hiyo mpango huu, ukitazamwa kiuchumi, ni punguzo la bei. Punguzo ni nafuu kwa anayelipata, na hatumlaumu anayelipokea. Lakini punguzo halijibu swali la kwa nini bei ipo. Tena linaweza kulizima swali hilo: badala ya wananchi kudai chuo kisichouzwa, kila familia hushughulika kumwahisha mtoto wake apite kabla mlango wa malipo haujafungwa.

DAI LA PILI: "UNAOKOA MUDA"

Dai la pili ni kwamba kijana atahitimu chuo mapema. Kwa hesabu ya karatasi ni kweli: mwenye krediti 60 akitoka sekondari amekwisha maliza nusu ya safari ya shahada. Lakini krediti si fedha taslimu. Thamani yake huamuliwa na yule anayezipokea. Chuo kikuu cha umma cha jimbo lile lile huenda kikazikubali. Chuo cha binafsi, au cha jimbo jingine, kinaweza kuzikataa, au kuzikubali kama masomo ya ziada yasiyohesabiwa katika fani anayoisomea. Mwaka 2017 Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama toka chuo kimoja kwenda kingine walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Makadirio hayo yalihusu wanaohama kwa jumla, si wanafunzi wa sekondari peke yao. Hata hivyo yanatuonyesha ukubwa wa tatizo. Kijana aliyesoma masomo manane bila mwongozo anaweza kukuta kuwa matatu tu ndiyo yanamsaidia.

Tena kuna jambo ambalo watangazaji wa mpango hawalitaji kwa sauti kubwa. Tulisema mwanzoni kuwa alama za mpango huu huingia katika hati ya chuo. Basi na za kushindwa huingia pia. Kijana wa miaka kumi na sita akivurugikiwa muhula mmoja, kwa ugonjwa, kwa msiba nyumbani au kwa utoto tu, alama hiyo humfuata. Anapoomba msaada wa fedha chuoni miaka miwili baadaye, maendeleo yake hupimwa kwa masomo yote aliyojaribu, yakiwemo yale. Sekondari ilikuwa mahali ambapo kijana aliruhusiwa kukosea na kurekebishwa. Mpango usipokuwa na ulinzi, unaligeuza kosa la mtoto kuwa kumbukumbu ya mtu mzima. Anayeumia zaidi ni yule asiye na mzazi wa kumwambia aliache somo kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa.

Kuna pia suala la mwalimu. Mwaka 2015 chombo kilichokuwa kikithibitisha vyuo katika majimbo 19 ya Marekani kilisisitiza kwamba mwalimu wa sekondari anayefundisha somo la chuo awe na sifa za mwalimu wa chuo, yaani shahada ya pili katika somo hilo, au shahada ya pili nyingine pamoja na krediti 18 za ngazi hiyo katika somo analofundisha. Sharti lilikuwa na maana: somo likiitwa la chuo lazima liwe la chuo kweli. Lakini walimu wenye sifa hizo ni adimu vijijini na katika shule za maskini. Hivyo sharti lililowekwa kulinda ubora lilitishia kufunga madarasa pale pale yalipohitajika zaidi, na muda wa utekelezaji ukabidi uongezwe mara kwa mara. Wengine walitaka viwango vishushwe. Wengine walitaka madarasa yafungwe. Baadhi ya majimbo yaliona njia ya tatu, nayo ndiyo sahihi: yalitenga fedha za kuwasomesha walimu. Palipo na uhaba wa walimu, dawa ni kuandaa walimu.

DAI LA TATU: "UNALETA USAWA"

Sasa tufike kwenye dai kubwa kuliko yote. Takwimu zile zile za wanafunzi wa mwaka 2009 zinasema hivi: miongoni mwa wanafunzi weupe, 38 kwa kila 100 walisoma somo la chuo wakiwa sekondari; miongoni mwa weusi, 27. Ambao wazazi wao wana shahada ya kwanza au zaidi, 42 kwa kila 100. Ambao wazazi wao hawakumaliza sekondari, 26. Mtoto ambaye tayari ana shahada nyumbani ndiye anayeanza shahada mapema zaidi. Mpango uliotangazwa kuwa ngazi ya aliye chini umepandwa kwanza na aliye juu.

Je, hilo linatokea kwa ubaya wa watu? Si lazima. Linatokea hata pale sheria inapokuwa nzuri. Tuchukue jimbo la Idaho, ambalo limekwenda mbali kuliko mengi: kila mwanafunzi wa shule ya umma, tangu darasa la 7 hadi la 12, hutengewa na jimbo zaidi ya dola 4,000 za kulipia masomo na mitihani ya aina hii. Fungu ni sawa kwa wote, na hilo ni la kusifiwa.

Sasa tumfikirie kijana mmoja katika mji wa Boise, ulioko jimboni humo. Wasomaji wetu wajue kwamba katika mji huo Kiswahili husikika, kwa maana zimepokelewa huko familia za wakimbizi kutoka Kongo, na Wakongo wengi waliopelekwa Marekani walipitia makambi ya Afrika Mashariki, ikiwemo Nyarugusu mkoani Kigoma. Kijana wetu tuseme alizaliwa kambini, akafika Boise ana miaka kumi na mitano. Fungu lake lipo, sawasawa na la mtoto wa daktari aliyeketi naye. Lakini barua ya kueleza mpango imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisi, na mama yake anasoma Kiswahili. Vyuo vingi huweka sharti la alama fulani au jaribio la kuingilia. Yeye bado yuko katika darasa la kujifunza lugha. Mchana mtoto wa daktari anaendesha gari kwenda chuoni. Huyu anawahi nyumbani kuwapokea wadogo zake kwa kuwa mama yuko kazini zamu ya jioni. Mwaka unapokwisha, mmoja ametumia fungu lake lote na mwingine hakugusa hata senti. Hakuna aliyemnyima. Mlango ulikuwa wazi siku zote, ila hakuna aliyemwonyesha njia.

Hapa ndipo tunapopata tofauti kati ya usawa wa karatasi na usawa wa kweli. Usawa wa karatasi humpa kila mtu kiasi kile kile kisha huondoka. Usawa wa kweli huuliza kila mmoja anaanzia wapi, na kumpelekea mshauri anayejua lugha yake, usafiri na maandalizi. Shule ya mwaka 1974 katika chuo cha LaGuardia ililijua hilo. Ndiyo maana ilianza na waliokuwa nyuma.

NANI MWINGINE ANAFAIDIKA?

Uchambuzi wetu haukamiliki bila kutazama maslahi. Baada ya mwaka 2010 vyuo vya jamii vilipoteza wanafunzi wengi wa umri wa kawaida, na hali ikawa mbaya zaidi mwaka 2020. Wanafunzi wa sekondari wamesaidia kuziba pengo. Mara nyingi darasa hufanyika katika jengo la sekondari, mbele ya mwalimu anayelipwa mshahara na sekondari, huku mwanafunzi akihesabiwa pia kwa chuo. Mwalimu huyo hubeba mzigo wa kazi mbili, na nyongeza yake, kama ipo, huwa ndogo. Hatusemi kuwa vyuo vina hila. Tunasema kwamba chombo kinachohitaji idadi kitapenda kuhesabu vichwa, na anayehesabu vichwa aweza kusahau kilichomo ndani yake.

Wapo pia waajiri. Mwaka 2011 ilifunguliwa Brooklyn, New York, shule iitwayo P-TECH, kwa ushirikiano wa shule za jiji, Chuo Kikuu cha Jiji na kampuni ya IBM. Mwanafunzi hukaa hadi miaka sita na kupata cheti cha sekondari pamoja na shahada ya miaka miwili, bila kulipa. Shule haiwachagui wanafunzi kwa mtihani wa kuingilia, na kwa hilo inastahili heshima. Lakini swali linabaki: mtaala ukipangwa kwa kutazama mahitaji ya kampuni, kampuni ikibadili mahitaji kijana atabaki na nini? Kuunganisha elimu na kazi ni jambo jema, nasi tumelihubiri tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Lakini kuiunganisha elimu na kazi ya jamii ni jambo moja, na kuifunga kwenye hesabu za mwajiri mmoja ni jambo jingine.

FUNZO KWETU

Tusijifanye kuwa sisi ni watazamaji tu wa makosa ya wengine. Novemba 1974, mwaka ule ule wa shule ya LaGuardia, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua jambo linaloelekea kinyume na mpango wa Marekani: kijana asitoke shuleni moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu, bali kwanza afanye kazi na apendekezwe na wenzake kazini na Chama. Wao walitaka kumwahisha kijana. Sisi tulitaka kumkomaza. Lakini sharti lile lililokuwa sawa kwa wote halikuwa na uzito sawa kwa wote. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilishuka, na haukupita muda mrefu likalegezwa kwao; baadaye utaratibu wenyewe ukaachwa. Shabaha yetu ilikuwa tofauti kabisa na ya Marekani, lakini kosa lilikuwa la aina moja: kudhani kwamba kanuni moja kwa wote ndiyo haki kwa wote.

Basi hukumu yetu juu ya mpango huu ni ipi? Kwanza, umethibitisha jambo ambalo hakuna tena haki ya kulikana: kijana wa kawaida anaweza masomo ya juu mapema kuliko tulivyozoea, akisaidiwa. Pili, katika mazingira ya Marekani sehemu kubwa ya mpango imekuwa punguzo la bei kwa wanaojua njia, badala ya njia kwa wasioijua. Tatu, sehemu yake iliyo bora ni ile iliyoanza na aliye nyuma ikamwekea mwalimu, mshauri na mpango kamili wa masomo. Na sehemu hiyo ndiyo yenye gharama, na kwa hiyo ndiyo inayoachwa wa kwanza fedha zinapopungua.

Kada atakayesimama mkutanini kupendekeza kwamba nasi tuwape vijana wa sekondari masomo ya chuo, tusimzomee. Tumwulize: mwalimu atatoka wapi, na atalipwa na nani? Krediti zitatambuliwa na chuo gani, na makubaliano yameandikwa wapi? Kijana akishindwa, atalindwa vipi? Na shule ya kwanza kupewa mpango itakuwa ile ya mjini yenye maabara, au ile ya kata ambayo mwalimu wa fizikia hajaonekana muhula mzima? Akiwa na majibu, tumsikilize hadi mwisho. Akiwa hana, arudi akajiandae, maana anatuletea tuzo kwa waliokwisha kushinda na kuiita maendeleo ya wote.